Historia Aliyopewa Binti Yangu Kusoma

Shule ilikuwa mashambani, mwendo wa dakika arobaini kutoka kwetu Shively, pembeni mwa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Ukiiacha barabara kuu unapita mashamba ya mahindi, kisha unaliona jengo la matofali lenye msalaba juu ya mlango. Binti yangu alipata nafasi ya bure darasa la saba. Mzungu mmoja wa kanisani ndiye aliyetuombea. Shule nzima, mweusi alikuwa binti yangu peke yake.

Sikujali. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, na nilijifunza kusoma nikiwa nimekaa chini. Huku kila mtoto ana kiti chake. Nilimshukuru Mungu.

Wasiwasi ulianza shule ilipojiandaa kusherehekea kuanzishwa kwake. Binti yangu alichaguliwa kusoma historia ya shule mbele ya wageni, akawa anafanya mazoezi chumbani kila jioni. Sisi wazazi tuliitwa Jumamosi kusaidia usafi. Mimi nikapewa kitambaa na ukuta mzima wa picha za wanafunzi.

Nilifuta vioo nikirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Nyuso zote zilikuwa nyeupe. Picha ya mwaka wa kwanza ilikuwa na watoto wengi kuliko zote, wakubwa kwa wadogo, kana kwamba shule ilijaa kwa siku moja. Mtunza maktaba, mama wa kizungu mwenye mvi, alikuwa akipanga vitabu karibu nami. Nikamuuliza shule mpya ilipataje watoto wote wale.

Kwanza aliutazama mlango wa ofisi.

"Ile historia atakayosoma binti yako haikuandikwa yote," akasema. "Mwaka ule mahakama iliamuru watoto weusi na weupe wachanganywe katika shule za serikali. Wazazi weupe wa huku wakaanzisha hii kabla likizo haijaisha. Mimi nipo hapo pichani, mstari wa mbele. Tuliambiwa ni kwa ajili ya Biblia."

Akarudi kwenye vitabu vyake. "Usiseme nimekwambia."

Nyumbani nilimweleza binti yangu. Hakushtuka. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba darasani wote wanajua.

"Na wanasemaje?"

"Wanasema ndiyo maana nimechaguliwa mimi."

Nilimwambia asiende. Akasema ameshaahidi, na kwamba nikimzuia atabaki kuwa yule aliyeogopa. Nikamwachia, na mpaka leo najilaumu.

Siku ya sherehe alisoma vizuri, bila kukwama. Wageni wakasimama, wakapiga makofi muda mrefu kupita kiasi. Kisha mzee mmoja wa waanzilishi akasukumwa mbele kwenye kiti cha magurudumu. Akamshika binti yangu mkono.

"Hatukuwahi kufikiria kukuona hapa," akamwambia, akitabasamu.

Sijui kama alikuwa anamkaribisha au vipi. Kamera zilikuwa zinapiga, na mzee hakumwachia. Niliona vidole vya mwanangu vikibanwa, na yeye ametulia tu kama mtu anayepimwa homa. Nikapanda jukwaani nikautoa mkono wake mimi mwenyewe. Tukashuka pamoja.

Hakurudi tena pale. Muhula ulipoisha tulihamia Columbus, jimbo la Ohio, upande wa Westerville, ambako dada yangu alinitafutia kazi ya kutunza wazee. Binti akaingia shule ya serikali. Nilidhani yameisha.

Mwaka uliofuata kaka yangu, dereva wa lori anayeishi Buffalo, alinitumia picha akiwa safarini Kentucky. "Dada, si mpwa wangu huyu?" Lilikuwa bango kubwa kando ya barabara. Uso wa binti yangu, karatasi mkononi, na chini yake maneno: wote mnakaribishwa.

Nikaipigia shule simu. Katibu alinijibu kwa upole kwamba siku ya kwanza nilitia saini fomu ya kuruhusu picha zake zitumike, na ruhusa ile haina tarehe ya mwisho.

Kila anapopita huko kaka huniandikia: bado lipo. Nimemwomba aache.