Goretti agoma kuupa mti jina lisilo lake

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, Goretti amepiga magoti mbele ya shina ambalo watu watatu hawawezi kulikumbatia. Brashi moja iko mkononi, nyingine ameiuma mdomoni. Anavuta herufi ya mwisho kwenye kibati cheusi, anainuka, anarudi nyuma hatua mbili, anatazama, kisha anaitoa ile brashi mdomoni na kucheka.

"Angalia hii R!" anasema. "Imesimama kama askari."

Mama huyu wa miaka 38, mkimbizi kutoka Fizi, Kivu Kusini, ni mchora mabango katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda. Saluni, vinyozi, wauza unga: ukipita Base Camp, kitovu cha makazi hayo, nusu ya maandishi unayosoma ni mkono wake. Bango moja humpa shilingi elfu ishirini, na kuna miezi hapati hata moja.

Leo yuko kwenye bustani kongwe ya mimea jijini Mbarara, iliyopandwa enzi za Waingereza. Vibao vya miti vilikuwa vimeliwa na kutu hadi havisomeki. Vyote mia moja na ishirini anaviandika upya yeye.

Kazi ilimfuata mlangoni. Ezira, msimamizi aliyehamishiwa bustani hiyo mwaka jana, alikwenda Nakivale kupeleka miche, akaona bango la duka la dawa, akasimamisha gari.

"Nikauliza, nani ameandika hii?" Ezira anakumbuka. "Mimi nilifikiri iko mashine."

Kabla ya hapo Goretti aliijua Mbarara kwa hospitali tu. Siku ya kwanza hakugusa rangi. Alizunguka bustani tangu asubuhi mpaka walinzi walipotaka kufunga lango, viatu mkononi, akipapasa magome na kunusa majani.

"Nilikuwa kama mutoto," anasema. "Kule Nakivale miti mingi ilikatwa kuni. Hapa nikaona fasi miti inazeeka bila mutu kuigusa! Nilitembea mupaka miguu ikavimba, na njaa sikusikia."

Wiki ya pili, furaha hiyo nusura imponyoke.

Alikuwa amefika mti namba 41. Orodha aliyopewa ilisema ni mkangazi. Lakini alipochuma jani, utomvu mweupe ulimchuruzika vidoleni kama maziwa. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi ya mbao kando ya Ziwa Tanganyika, na ni kwenye ubavu wa mitumbwi hiyo alikomfundisha binti yake kuandika. Mbao alizozipenda kuliko zote zilitoka kwenye mti wenye maziwa namna hiyo.

Alimwita msimamizi.

"Papa Ezira, huu si mukangazi. Ni muvule."

"Nyabo, mama, wewe uko mtu ya rangi," Ezira alimjibu. "Andika tu ile iko kwa karatasi."

"Siwezi kuandika uongo ku muti. Batoto ba masomo batausoma, bataamini."

"Sasa unataka nipeleke kazi kwa watu ya mashine?"

Goretti anakiri kwamba aliogopa kuipoteza kazi. Ana watoto watatu shuleni, na alijua fika kwamba duka lolote la uchapaji mjini lingeimaliza kazi ile kwa siku mbili. Hata hivyo aliweka brashi chini. Alimnyooshea lile jani tu.

Ezira alilipokea, akakivunja kikonyo, akayaona maziwa. Akavua kofia. Kisha akaanza kurudi nyuma akilinganisha miti na karatasi yake, mti wa 40, wa 39, wa 38, Goretti akimfuata kwa haraka, mpaka wakafika penye kisiki kilichomezwa na nyasi. Mti uliokuwa namba 29 uliangushwa na dhoruba miaka mingi iliyopita. Miti ikahesabiwa upya, lakini jina la mti huo ulioanguka likabaki kwenye orodha. Kuanzia hapo kila mti ulikuwa umepewa jina la jirani yake.

"Papa Ezira akaanza kucheka," Goretti anasimulia. "Na miye nikacheka. Tulicheka mupaka balinzi bakakuya kuangalia kuna nini."

Vibati kumi na viwili alivyokwisha kuviandika alivikwangua kwa msasa, akaanza upya. Tangu siku hiyo wawili hao huukagua kila mti pamoja kabla brashi haijagusa bati, na Ezira humtajia jina la Kinyankore, lugha ya wenyeji, naye huliandika chini ya jina la kitaalamu.

Sasa Goretti ana jambo jingine linalomnyima utulivu. Ezira ameahidi miche thelathini kwa shule iliyo jirani na nyumba ya Goretti huko Nakivale, mvua za Septemba zikianza. Goretti ameshindwa kuzisubiri. Ameandika vibao thelathini kwa rangi ya masalio, akavipigilia kwenye vijiti na kuvisimamisha uwanjani mwa shule, kwenye vumbi tupu.

"Batoto banapita, banasoma, banapiga makelele: Mama Goretti, miti iko wapi?" anasema huku akifuta brashi kwa kitambaa. "Nabaambia, musome jina kwanza. Mwenyewe anakuya."