Maji Kabla ya Adhana

Baba alikataa kurudi Gitega, na sababu yake ilinikera kwa kuwa ilikuwa ya kweli. "Nyumba ile haina mtu wa kuamka," alisema. Tulikuwa Mwanza, kwa kaka yangu, tulikokimbilia vita vilipochacha. Kwa Baba, kuamka si kufumbua macho. Ni kutoka kitandani saa kumi alfajiri, kuoga maji baridi, kufunga kilemba, kuketi chini na kusali sala nzima kwa sauti kabla jua halijachungulia. Sisi ni Makalasinga, na hivyo ndivyo alivyoamka yeye miaka yote, hata ile ya ukimbizi. Mimi nilikuwa mlalaji maarufu wa ukoo.

Amani iliporudi nilitangulia peke yangu kufungua tena karakana yake ya kutengeneza vyerehani, pale mtaa wa Yoba. Baba ndiye aliyetamani kurudi kuliko sisi sote. Majivu ya Mama tuliyatia mto Ruvubu kabla ya kukimbia, naye alitaka kumalizia uzee wake karibu na maji yale. Lakini macho yake yalikuwa yamefifia, hakuweza tena kusoma kijitabu chake cha sala, na maneno yalianza kumtoroka katikati. Mwanza kuna gurudwara, hekalu letu, kuna watu wa kusali naye na kumpokea pale anapokwama. Gitega angepokewa na nani? Na mimi?

"Nitakuja kiangazi, nione," alisema. "Nikikuta nyumba imelala, ninarudi kwa kaka yako, na tusigombane."

Nikamwambia nitakuwa nampigia simu kila alfajiri asikie mwenyewe. Akasema Mungu hapigiwi simu.

Basi nikaanza, kwa hasira zaidi kuliko kwa ibada. Asiyeijua baridi ya Gitega asinihukumu. Bafu langu liko nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta wa jirani, na maji hukaa humo usiku kucha ndani ya bidoni, yale madumu ya plastiki, mpaka yanauma. Asubuhi za mwanzo niliizima simu inayoniamsha kabla haijamaliza kulia. Nilipofaulu kuamka, nilijimwagia kopo la kwanza huku nikimtukana kaka yangu, aliyelala kwenye joto la ziwa.

Na tatizo halikuwa maji tu. Sala niliijua yote, ila niliijua kwa usingizi. Tangu utotoni nilikuwa nikiisikia kutoka chini ya blanketi. Nikiwa macho, nilifika katikati nikapotea, nikajikuta nimerudi mwanzo, nikazunguka hivyo hivyo mpaka kukapambazuka. Nilikaribia kulia. Dawa niliipata karakanani. Nilipokuwa najaribu cherehani ya mteja, mguu ukikanyaga pedali, maneno yalijipanga yenyewe. Nikawa nasali mchana kwa mguu ili nisali alfajiri kwa mdomo.

Ndipo jirani yangu alipokuja kuniona. Ni mama wa Kiislamu, mjane, anakaanga mandazi na kuyauza barabarani. Aliketi, akakataa chai, akashusha sauti.

"Mwanangu, mi si mtu ya kuingilia mambo ya watu. Lakini hii maji ya kila alfajiri… Kama iko bwana, alete angalau mahari, *quand même*. Umri inaenda."

Nilichelewa kuelewa. Kwake yeye, mwanamke anayekoga kabla ya adhana kila siku hana maelezo mengine: amelala na mwanamume na anajitwaharisha. Mimi, ambaye sikuwa na hata mtu wa kunishikia tochi! Nilipandwa na hasira, nikafungua mdomo nimjibu, nikacheka badala yake.

"Bwana gani, mama? Ni Mungu."

"Mungu anaogesha watu kila siku na hii baridi?"

"Wetu ndivyo."

"Yoo! Basi dini yenu iko nguvu." Sasa akaipokea chai. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na mi nilishawaambia wengine. Bon, nitaenda kuwaambia tena."

Kiangazi kilipokaribia, kikundi cha akina mama wa Gasorwe, huko Muyinga, kiliniita niwatengenezee vyerehani. Mwenyeji wangu alikuwa mmoja wao, mkulima aliyekulia Tanzania kama mimi, Mkristo, Kiswahili chake kimenyooka. Jioni nilimwona akipanda kilima kutoka bondeni na bidoni ya maji kichwani, shingo imekakamaa.

"Hii ni ya kwako, dada," alisema. "Umeniambia unaoga alfajiri."

Nilijuta kusema. Tulikula kabla ya giza, tukalala, maana taa haikuwepo na hakukuwa na kingine cha kufanya. Niliamka mwenyewe, simu haijalia, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikatoka. Ile bidoni ilikuwa nyuma ya nyumba, imejaa, nami nikashindwa kuimwaga. Kuna watu wangekunywa maji yale. Nilinawa uso, mikono na miguu kwa kopo moja, kama Baba alivyoturuhusu tulipokuwa njiani tukikimbia, nikajitanda mtandio, nikaketi juu ya gunia.

Sikupotea. Nilipita pale katikati, nikafika mwisho, nikasimama kwa dua ya kumalizia nikitetemeka kwa baridi na kwa furaha. Ndipo nikamwona mwenyeji wangu kwenye mlango wa jiko, amefumba macho, midomo ikicheza kwa Kirundi.  Wakati wa uji aliniuliza, "Unamwombea nani?"

"Baba yangu. Arudi nyumbani."

"Basi nami nitamtia katika sala zangu."

Niliporudi Yoba nilianza kula mapema, na simu nikaifungia ndani ya droo ya cherehani. Mwili ulizoea. Siku moja jirani aliniambia, akinipimia mandazi, "Hii maji yako inanisaidia sasa. Adhana inanikuta nimeshakanda unga." Kisha mwalimu wa nyumba ya upande wa pili, Mkatoliki anayewahi misa ya kwanza kanisani Mushasha, akaniambia naye ameacha kutega saa. Nilidhani ananitania.

Baba alikuja na basi la mpakani, nikampokea Muyinga mjini. Alikuwa mwepesi mno nilipomshika mkono ashuke. Tulipovuka Ruvubu alivua viatu, mle mle ndani ya gari, akavishika mapajani mpaka daraja likaisha.

Usiku ule nilivunja kila nilichojifunza. Nilipika dengu, nikapika chapati, tukaongea habari za Mama, tukacheka, nikalala nimechoka na nimeshiba.

Kilichoniamsha ni ngumi kwenye lango.

"We, mwanangu! Iko mgonjwa? Leo maji sikuisikia! Unga yangu bado!"

Niliruka. Upande wa pili mwalimu naye aligonga ukuta. "*Mademoiselle*, ni amani huko? Misa inatuacha!"

Nilisimama katikati ya chumba, nywele chini, kiatu kimoja mguuni. Baba alikuwa amekaa kitandani gizani, amekwisha kunawa kimyakimya kwa kopo moja, kilemba tayari kichwani. Alikuwa macho kitambo, anasubiri kuona. Nilijua nimempoteza. Asubuhi zote zile nilizotetemeka, na hii moja aliyokuja kuiona nimeilalia. 

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Jirani. Anaamka kwa maji yangu."

"Na huyu wa ukutani?"

"Mwalimu. Naye vilevile."

 Nje, jirani aligonga tena, taratibu sasa, akiita jina langu kwa wasiwasi.

"Nami nilisema nyumba hii haina mtu wa kuamka," alisema Baba. "Kumbe mko wengi."  "Nenda ukaoge, puttar. Mwaga kwa nguvu, wasikie."

Puttar ni mwanangu, kwa Kipunjabi. Hakuwa ameniita hivyo tangu Mama alipokufa.

Nilimwaga. Nadhani sijawahi kuoga kwa kelele namna ile. Nyuma ya ukuta nilimsikia jirani akisema, "Ahaa, bon," kisha mlio wa beseni lake la unga.

Nilipotoka, Baba alikuwa ameketi chini kwenye mkeka na kuniachia nafasi kando yake. Alianza yeye, kwa ile sauti niliyoizoea chini ya blanketi, sasa imechakaa. Katikati alikwama, karibu kabisa na pale nilipokuwa nikikwama mimi. Mguu wangu ulianza wenyewe kukanyaga mkekani, maneno yakaja, nikampokea. Akanifuata. Tulimaliza pamoja adhana ikianza.

Nilingoja aulize habari za basi la kurudi. Aliuliza hapa Yoba maji ya kesho yanachotwa wapi, na kama bado kuna bidoni tupu.