Jirani wa Blogu ya Gredi ya Sita

Nimemficha binti yangu Nekesa jambo moja, na mwili huu hauniahidi nafasi nyingine ya kulisema.

Nekesa anafundisha Bungoma. Alipowaanzishia wanafunzi wake blogu, mimi mwalimu mstaafu nilimcheka mbele ya ndugu zake.

"Watamwandikia nani? Upepo?"

Leo amekuja Kitale kuniuguza. Alikuwa anapoza uji wangu huku akisoma simu, mara akaacha kukoroga.

"Baba, hawa watoto wamenimaliza."

Blogu yao ina msomaji mmoja tu anayewajibu. Anajiita Jirani. Walipoandika kuhusu chemchemi ya kijiji, Jirani aliwauliza ni nani huisafisha. Wakaenda kwa wazee, wakauliza, wakarudi wakaandika upya, vizuri zaidi.

Leo wameandika: "Jirani, wewe ni mtu kweli? Wafula anasema ni mwalimu anajiandikia mwenyewe."

Nekesa alijaribu kucheka, akashindwa. "Ati mimi ni mwongo. Sasa wataniamini tena kweli?"

Nilikuwa na simu yangu chini ya blanketi. Nikaisukuma ndani zaidi, nikaendelea kunywa uji.

(Mliowahi kufundisha, mniambie. Mngesema papo hapo? Hata mzee huogopa kuchekwa.)

Sasa ametoka kuninunulia dawa. Ninaandika hapa mtandaoni ili msome nyote, pamoja na ndugu zake na wanafunzi wake.

Nekesa, nilianza kuisoma blogu hiyo ili nikutafutie makosa.

Wafula, waambie wenzako kwamba mwalimu wenu hakudanganya, wala hakujua.

Jirani ni mimi.