Wimbo Unaokatika Getini

Wasomaji wangu, yule mama wa Usangu niliyewahi kuwasimulia hapa, aliyesema kumpa mgeni ugali bila maziwa ya mgando ni kumfukuza kwa adabu, hatunaye tena. Nyati alimuua Jumamosi asubuhi, jua limeshatoka na watu wameshafungua maduka, kwenye njia ambayo hata mimi na goti langu hili huizunguka bila kukaa chini. Jina lake ninalo, la mumewe ninalo, na majina ya ng'ombe wao aliowahi kunitajia ninayo yote. Ila ukurasa huu haujawahi kumtaja mtu, basi nayabakiza kifuani.

Njia yenyewe imo ndani ya hifadhi ndogo ya wanyama, nyuma ya mtaa wetu, nje kidogo ya mji wa Iringa. Unaingia getini, unashuka hadi kijitoni, unapita kona yenye vichaka, unatokea geti lile lile. Mlima hakuna, mawe hakuna. Kuna pundamilia, kuna swala, kuna ngiri wanaokimbia mkia umesimama kama antena ya redio. Nyati hatukuwahi kumsikia. Ndiyo maana kundi la jogging la mtaani liliichagua. Mjukuu wangu ndiye kiongozi wao: yeye anaanzisha wimbo, wenzake na fulana zao za kijani wanaitikia, mtaa mzima unaamka. Sisi wazee tuliokatazwa sukari tunafuata nyuma, tukikimbia wanapotutazama na kutembea wakigeuka.

Huko nyuma ndiko nilikofahamiana naye. Alikuwa ameuza mchele Mbalizi miaka mingi, kisukari kilipomchosha akaja kuishi na mwanawe hapa. Wazazi wake walihama kutoka kaskazini na mifugo yao, yeye yuko mgongoni, akakulia mbugani Usangu. Siku ya kwanza, tulipoikaribia ile kona, alisimama, akapiga makofi, akaita kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto: Kamwene! Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Yeye akatueleza kwamba baba yake alimfundisha kutokatiza kichaka kimya kimya kama mwizi. Mnyama akikusikia mapema atakupisha, ukimshtua atakukanyaga. Mwenzetu mmoja, Mhehe wa kuzaliwa, akamuuliza mbona sasa anawasalimia wanyama kwa Kihehe.

"Si niko ugenini? Nawasalimia kwa lugha ya wenyeji," alijibu. "Ila akiwemo wa kwetu humo, huyo tutaelewana vibaya."

Tangu hapo kila tulipofika konani wazee wote tuliita Kamwene, na mbele vijana wakiimba zao. Msitu ulijua tunapita.

Mwaka huu wageni wa kupiga picha wameongezeka, na hifadhi ikaweka kibao getini kinachoomba kimya, wanyama wasisumbuliwe. Sikilaumu kibao. Aliyekiandika alidhani ni heshima. Kundi likatii: wanaimba kutoka mtaani, wakifika getini wimbo unakatika, wakitoka wanaudaka pale pale walipouacha. Mama wa Usangu peke yake ndiye aliyeendelea kuita. Aliitwa pembeni na askari wa geti, akaitwa tena, mwisho mjukuu wangu akamwamkia na kumsihi taratibu kwamba kundi litafungiwa njia kwa ajili yake. Basi akanyamaza, kwa kumwonea huruma binti huyo. Lakini tukiwa kijitoni aliniinamia.

"Mama mwenzangu, kanga hawaji tena hapa kunywa. Na kinyesi kile si cha pundamilia."

Niliangalia. Kilikuwa kipana kama cha ng'ombe, kibichi, kinafuka mvuke. Mbele kidogo ua wa waya ulikuwa umelala chini. Alisema siku hizi bondeni kwao mto unakauka mapema, mashamba yameshuka hadi kwenye tope, ng'ombe na watu wanafukuzana, na mnyama wa porini naye akifukuzwa lazima aelekee mahali. Kama huyu alitoka huko mimi sijui. Tulimwambia askari. Alitusikiliza vizuri, akasema bibi zangu, hapa hapajawahi kufika nyati, labda ni ng'ombe wa mtu.

Jumamosi ile goti liliniweka nyumbani. Vijana walipita konani wengi kwa pamoja, raba zao hazina mlio kwenye mchanga. Inaelekea aliyelala kichakani aliwashtukia wakiwa wameshampita, akainuka. Aliyekuja nyuma yao, peke yake, akiwa amewatangulia wazee wenzake, alimkuta amesimama. Mjukuu wangu alirudi amebeba ndala moja ya marehemu, akakaa mlangoni kwangu.

"Bibi, hakuita," alisema. "Angeita tungesikia."

Tumemzika kwao Usangu. Njia ilifungwa wakati wa msiba, sasa imefunguliwa. Wanasema nyati ameondoka. Nikauliza nani amemwona akiondoka, nikaambiwa hajaonekana, ndiyo kuondoka kwenyewe. Ua umeinuliwa, kibao kipo palepale. Mimi nilisoma kidogo, lakini hili nimelielewa: wepesi wa njia ni habari ya miguu yako wewe, haikuambii nani mwingine anaipita. Zamani tuliogopa pori, tukalipigia hodi. Sasa tumelizungushia waya, tumemaliza maji yake, tumewasukuma wenye pori huku na huku, halafu tunataka kupita kwao kama hatupo. Hodi haikuwa kelele. Ilikuwa inampa mwenye nyumba nafasi ya kusogea.

Leo asubuhi mjukuu amefunga raba. Nikamwambia akifika konani aite.

"Watatufungia, Bibi."

"Wafunge."

Akacheka kidogo, akanishika mkono, akaenda. Kutoka barazani nausikia wimbo wao ukishuka mtaa, unafika getini, unakatika. Hapo ndipo chai inapoa. Nasimama, nashika nguzo, nasubiri usikike tena wakitoka, na kona iko mbali mno kwa sauti ya kikongwe, lakini naita hivyo hivyo: Kamwene. Kamwene. Tunapita.