Dokta Aliyesubiri Kuombewa Kazi

Siku ya kwanza kazini, Dokta, mwanamke aliyekuwa akiutafiti mto wetu, alinikuta nimesimama nyuma ya mgomba, naona aibu kumsogelea. Akacheka. "Toka huko, Zuberi. Mimi siumi." Akanionyesha ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, wa kupimia kina cha maji. Kila asubuhi nisome maji yamefika wapi, kisha nimpigie simu. Ndiyo ilikuwa kazi yangu hapa Matombo, na sijapenda nyingine kama hiyo.

Niliishia darasa la saba, lakini alinieleza mambo yake kama mwenzake. Alikuwa amemaliza uzamivu, shahada inayomfanya mtu aitwe daktari bila kutibu. Baada ya hapo mtafiti hutafuta nafasi ya muda chini ya profesa mwenyeji, kabla ya ajira ya kudumu. Wenyewe wanaiita postdoki. Fedha za kupima mto wetu zilikuwa zinaisha, nami nikaamini akipata nafasi hiyo tutaendelea.

Aliitaka ya ng'ambo, kwa profesa anayechunguza mito ya milimani. Ila hakumwandikia. Alisubiri Profesa wake wa Morogoro, mzee aliyemfundisha, amtambulishe kwanza.

"Kwani unachumbia?" mama yangu alimuuliza siku moja wakimenya ndizi.

"Siwezi kumruka mzee, mama."

"Basi huyo ndiye mshenga wako. Na mshenga mwenyewe amelala!"

Profesa hakuwa amelala. Alikuwa safarini, na aliporudi akaingia kwenye vikao. Mwishowe Dokta akashuka mjini, mimi nyuma yake na chupa za maji ya kupeleka maabara. Tulimkuta mzee ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Yule bwana wa ng'ambo amekujibuje?"

"Bado sijamwandikia. Nilikuwa nakusubiri unitambulishe."

Mzee akavua miwani. "Binti yangu, wale hawangoji wazee. Unaandika mwenyewe: nimefanya hiki, kwako nataka kufanya kile. Mimi wataniuliza baadaye, kama mdhamini wako. Mwisho wa kuomba lini?"

"Leo."

"Sasa hapa umekaa unafanya nini?"

Aliandika kwenye benchi la nje, mimi nimemshikia mwavuli ili jua lisiipige kompyuta. Aliandika, akafuta, akaandika. Kisha akabonyeza kutuma.

Wakamhoji kwa video, akapata. Nilifurahi mpaka nikasahau aibu, nikamuuliza, "Kwa hiyo ubao wetu tutaupaka rangi mpya?"

"Zuberi, kule nitapima mito yao. Huku hakuna wa kulipia."

Nikamwambia safari njema.

Basi nimestaafu kabla ndevu hazijajaa. Ninyi mnaotafuta nafasi hizo, andikeni wenyewe, msingoje kuombewa. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Nisichojua ni namna ya kukaa na asubuhi zisizo na kazi. Mvua ikipiga huko juu Uluguru, nikiamka nasikia mto umejaa, na hakuna anayetaka kujua umejaa kiasi gani.

Juzi Dokta alinitumia picha ya mto wa huko, kando yake barafu, katikati ubao kama wetu. Hakuandika neno. Nikaikuza picha, nikasoma namba, nikamtumia.

"Sawasawa," akajibu.

Nikabaki na simu mkononi, nikingoja anitume kusoma ubao mwingine.