Mikono ya Fundi wa Mtandao

Fundi wetu wa mtandao hanywi chai mbele ya watu. Huiacha ipoe mpaka tutoke, maana kikombe kikifika mkononi mwake hucheza ngoma kwenye kisahani. Akitaniwa hujibu, "Ulimi wangu si jiko, mwanangu." Bosi, ambaye hafugi mgonjwa kazini, alikuwa bado hajajua. Lakini kompyuta ina umbea: pini za kadi ya mtandao zikigusa tundu tu, inalia mlio wa kupanda, zikiachana, inalia wa kushuka. Haimsitiri mtu.

Jana bosi alisimama nyuma yake, mteja kando, fundi akichomeka kadi ndogo pembeni mwa mashine. Ikaingia, ikatoka, ikaingia, ikatoka, na mashine ikatangaza kila mtetemo.

"Vipi tena, mzee?" bosi akauliza.

"Kadi mbovu," akajibu, akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Bosi akainama, akaiokota, akaichomeka mwenyewe. Mashine ikalia mara moja ikanyamaza, mtandao ukashika.

"Nzima hii, mzee," akasema kwa sauti ya chini.

Fundi akaanza kukusanya bisibisi zake, zikigongana kiganjani.