Harufu ya Lozi Chumba cha Nne

Watu wa Toledo hatuingii makumbusho. Tunayapita. Tunapita milangoni mwake na mkate kwapani, tunawaonyesha wageni njia kwa kidevu, na wengi wetu tutazikwa bila kujua kilichomo ndani ya majumba tunayoyaona kila siku. Sagrario Manzaneque aliingia kwa niaba yetu sote. Kwa miaka ishirini na tisa, kila siku isipokuwa Jumatatu, aliketi kwenye kiti cha mbao katika chumba cha nne cha makumbusho madogo yaliyo juu ya ukuta unaotazama mto, akalinda vyombo vya kazi ambazo hakuna anayezifanya tena: nyundo za wafua panga, vitana vya sufu, mizani ya wauza zafarani.

Alivaa viatu vya soli ya mpira ili asimkatize mtu mawazo. Alijua kusema "usiguse" kwa lugha sita, na ya kwetu haikuwamo, kwa sababu hakuwahi kuihitaji.

Katikati ya chumba, ndani ya kabati la kioo, palikuwa na kipande cha mbao chenye urefu wa mkono hadi kiwiko, kimechongwa ndani kwa magamba yaliyopangwa kama vigae vya paa. Kimevunjika, kichwa hakipo. Kadi yake ilisema: "Kipande cha nakshi. Joka? Asili na matumizi havijulikani."

Sagrario alijua ni kitu gani tangu siku yake ya kwanza. Mama yake, Visitación, alifanya kazi majira ya baridi thelathini katika karakana ya mazapani, akikanda lozi na sukari mpaka viganja vikang'aa mafuta. Kila Krismasi walitengeneza sanamu tamu ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka aliyekuwa akivuliwa hapa chini mtoni kabla ya mabwawa kumfungia njia. Wa mazapani alijikunja ndani ya boksi la duara, na macho yake yalikuwa matunda ya sukari. Sagrario alikuwa amemwambia mkuu wa zamani wa makumbusho jambo hilo mara moja tu. Yule bwana alicheka. "Krismasi bado iko mbali, Sagrario," alisema, akaenda zake. Tangu hapo hakurudia.

Vuli ile akaja mtaalamu mpya, Itziar, msichana wa Bilbao mwenye nywele fupi na mwendo wa haraka. Alikuwa na agizo la kupunguza vitu. Chochote kisichojulikana matumizi yake kingepelekwa ghalani nje ya mji siku ya Ijumaa, na vitu vya ghalani hapa kwetu huwa havirudi. Alipita na karatasi ya vibandiko vya manjano. Jumanne asubuhi Sagrario alikuta kimoja kwenye kioo cha kabati la katikati.

Alishuka mpaka kwa Eleuterio, mkata tiketi, akasimama bila kusema.

"Nimekiona, bolo," Eleuterio alisema. Bolo ndivyo tunavyoitana sisi wa Toledo, tukipendana na tukigombana. "Kamwambie. Au unangoja mbao ijitetee yenyewe?"

"Nikimwambia atacheka."

"Basi acheke. Wewe utakufa na siri ya peremende."

"Siyo peremende, mjinga wewe."

"Umeona? Kumbe ulimi unao! Panda nao juu."

Akapanda. Itziar alikuwa anapima kitana cha sufu.

"Lile si joka, mwanangu," Sagrario alisema. "Ni mkunga. Ni kalibu ya kuumbia mazapani."

Itziar hakucheka. Hilo peke yake lilimyumbisha Sagrario kidogo. "Mikunga nimeiona madukani," alisema. "Wanaifinyanga kwa mkono, magamba wanayakata kwa mkasi. Hakuna kalibu."

"Siku hizi. Zamani karakana kubwa zilikuwa nazo."

"Una picha? Karatasi yoyote?"

"Nina pua."

"Pua?"

"Kesho kutwa baki hapa jioni. Njoo saa kumi na moja na nusu, uje na ufunguo wa kabati."

"Treni yangu ya Madrid ni saa tisa na robo, Sagrario."

"Treni zipo nyingine. Mbao hii moja tu."

Ukikaa chumba kimoja miaka yote hiyo unajua mambo ambayo hayamo kwenye kadi. Sagrario alijua kwamba mwezi wa Oktoba jua hushuka upande wa mto, hupenya dirisha la magharibi, hutambaa sakafuni kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, kisha hupanda juu ya lile kabati na kutulia hapo kama nusu saa. Wataalamu wote waliopita walikuwa watu wa asubuhi. Saa hiyo hawakuwahi kuiona. Siku za kusafisha, kabati linapofunguliwa jioni, ni yeye tu aliyekuwa pale, na kila mara alilazimika kukaa chini.

Alhamisi Itziar alibaki. Walisimama wawili mbele ya kabati. Mwanga ulifika kwenye miguu ya kabati, ukapanda, ukajaza kioo. Kama mbao ingenyamaza leo, kesho lori lingekuja.

"Subiri kidogo," alisema. "Subiri ipate joto. Sasa. Fungua."

Itziar alifungua, akainama. Aliinuka. Akainama tena, safari hii akiwa amefumba macho.

"Lozi," alisema polepole. "Lozi za zamani sana."

"Na sukari iliyoungua kidogo. Weka kidole gumba hapa, ukingoni."

Itziar alivaa glavu, akaweka. Kulikuwa na kibonyeo laini pale, na kidole chake kikaingia kama kilikuwa kinatarajiwa. Hapo ndipo mtu alipokuwa akishikilia mbao huku mkono wa pili unakandamiza donge, mara elfu, Desemba baada ya Desemba.

"Mama yako?"

"Sijui. Meza ile ilikuwa na wanawake kumi na mmoja." Sagrario alitazama dirishani. "Siwezi kudai ni kidole cha mama yangu peke yake."

Itziar alibandua kile kibandiko cha manjano, akakikunja kidogo sana. Kisha akageuka ghafla.

"Ngoja. Jua hili linapiga hapa kila siku?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Mungu wangu! Itapasuka! Jumanne naleta pazia."

Sagrario alimtazama, akaelewa alichokuwa ameuza na alichokuwa amenunua. "Lete," alisema.

Pazia lilikuja, zito, rangi ya jivu. Lori lilikuwa limeondoka bila kalibu. Kadi mpya inasema ni ya mkunga wa mazapani, na chini, kwa herufi ndogo: "Imetambuliwa kwa harufu na Sagrario Manzaneque, mlinzi wa chumba hiki." Harufu yenyewe haijatoka tena. Ikifika saa kumi na moja na nusu Sagrario bado huinua kichwa.

Eleuterio alitangaza habari ya kadi mtaa mzima, kwa hiyo wiki ile watu wetu walianza kuingia, kwa aibu, kama wanaoingia nyumba ya mgonjwa. Remedios, jirani wa Sagrario, alikuja na mkate kwapani. Alisoma jina, akasoma tena, kisha akanyoosha kidole kuelekea kabati.

Sagrario alifungua mdomo. Lile neno alilolisema miaka ishirini na tisa kwa lugha za watu lilimjia kwa mara ya kwanza kwa lugha ya mama yake, naye akalimeza.

"Gusa tu," alisema. "Ni kioo. Nitakifuta."